Funguo Shingoni

Nilipohamishiwa Sumbawanga kutoka Mbeya sikumjua mtu. Siku za kazi zilijiendesha zenyewe. Jumamosi ndizo zilizonitesa. Wenzangu wa ofisini walirudi kwa watu wao, mimi nikirudi kwenye nyumba ya kupanga kufua nguo ambazo hazikuwa chafu. Mwisho nikaona heri nikapotee vilimani kuliko kuozea ndani. Nikanunua dira ya mtumba, nikapata ramani ya zamani, nikaanza kujifundisha.

Ufipa, nyanda za juu zinazouzunguka mji huu, si mahali pepesi pa kujifunzia. Ni nyasi, kilima, nyasi tena, na mti wa kushika kama alama ni wa kutafuta. Niliishika dira kifuani juu ya ramani, nikageuka mpaka mshale utulie kaskazini, nikachagua jiwe mbele na kulifuata. Kila mara nilipotelea upande uleule. Nilikuwa nakitafuta kikanisa cha kigango kilichochorwa msalaba kwenye ramani, nikatokea kwenye shamba la ulezi ng'ambo ya bonde. Wenye shamba walinielekeza kwa upole, na upole huo uliniuma kuliko kama wangenicheka. Nilitaka jambo moja tu, kwenda mahali na kurudi bila kuuliza, kwa sababu kila nilipouliza nilikumbuka kwamba sina wa kuongozana naye.

Jumamosi moja ukungu ulinishukia nikiwa nimeshakiacha kijiji cha Pito nyuma. Niliogopa sana. Nikaiweka dira chini nifunge kamba za kiatu, na mshale ukageuka. Nikaiinua kifuani, ukarudi ulikokuwa. Nikarudia, ikawa vilevile. Ndipo nilipojipapasa nikakuta funguo zangu, za geti, za mlango na za makufuli, zote kwenye pete nene ya chuma niliyoivaa shingoni ndani ya sweta. Watu wengine huacha funguo kwa jirani wakitoka. Mimi sikuwa na wa kumwachia, kwa hiyo nilizivaa, nazo siku zote hizo zilikuwa zinauvuta mshale.

Nikacheka peke yangu, halafu nikalia kidogo, maana hakukuwa na wa kuniona. Nikazitia kwenye begi mgongoni, nikafuata dira polepole. Ukungu ulipopasuka, kikanisa kilikuwa mbele yangu. Kilikuwa kimefungwa. Nikaugusa mlango, nikageuka kurudi.

Begi lingetosha kuzibebea siku zote. Lakini Jumamosi iliyofuata nilibisha hodi nyumba ya pili, kwa mama mmoja mkulima ambaye mimi na yeye tulikuwa tunaishia kwenye salamu.

"Shikamoo mama. Naomba uniwekee funguo, natoka kidogo kutembea."

"Marahaba mwanangu." Akazipokea, akazifunga kwenye pindo la kitenge. "Sasa utarudi saa ngapi?"

Tangu nihamie, hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nikamwambia saa kumi, nikashika njia na dira mkononi.