Zohali juu ya Paa la Kina Dalal

Hamda anapiga pasi. Ukitaka kumjua, anzia hapo. Siku sita kwa wiki anapiga pasi mashuka ya hoteli moja huko Nungwi, na akirudi kwao Mwanakwerekwe anamkuta mama yake, ambaye kiharusi kimemlaza huu mwaka wa kumi na moja. Usiku humgeuza mara tatu ili asipate vidonda. Nimesoma naye tangu darasa la kwanza na sijamsikia akisema amechoka. Ukimwuliza hali husema, "Nipo." Mimi nikishona magauni mawili tu, mtaa mzima unajua Bashira kachoka.

Shuleni alitushinda sote. Tulipofika kwenye sayari, ukurasa wa Zohali ulikuwa umechanwa kitabuni, mwalimu akaichora ubaoni: duara lililozungukwa na mkanda. Hamda akasimama akasema haiwezekani, mkanda usioshikwa na kitu lazima uanguke. Mwalimu alicheka mpaka akakaa kitini. "Siku ukiiona kwa jicho lako utanyamaza," akamwambia. Baadaye Hamda alichaguliwa kwenda chuo cha ualimu, mama akaanguka, chuo kikaishia hapo. Lakini kunyamaza hakunyamaza. Mpaka leo ukimtajia Zohali atakujibu, "Ile ya mkanda? Mie sijaiona."

Mwenzetu wa tatu ni Dalal. Ana darubini aliyoletewa na kaka yake kutoka Maskati, na kila kipupwe mimi na yeye hupanda juu ya paa la nyumba yao, mtaa wa Malindi, kutazama nyota. Watu hutucheka, wanawake wazima tumejitanda shali tunachungulia mbingu. Hamda hakuwahi kuja hata mara moja. Nani angemgeuza mama?

Mwaka huu Dalal anahamia Maskati moja kwa moja, na darubini yake. Hamda aliposikia, akafanya jambo asilolizoea: akaomba. Wiki tatu alimbembeleza jirani yake Amne alale na mama usiku mmoja tu. Amne akampa usiku wa Alkhamisi, siku tatu kabla ya safari.

Alikuja moja kwa moja kutoka kazini, na chupa ya chai ya tangawizi. Kusi ilikuwa inavuma, baridi inatuingia mpaka mifupani. Dalal akamwambia Zohali itatoka baada ya saa sita, lakini itaonekana vizuri ikishapanda, kama saa nane hivi.

"Nikisinzia niamshe, Bashira," Hamda akaniambia. "Hata kwa kofi."

"Kofi dogo. Ntakumwagia maji."

Saa tano alikuwa keshalala, ameegemea ukuta, kikombe kingali mkononi. Nikakitoa polepole, nikamfunika kanga.

Zohali ikapanda. Nilitangulia kuchungulia, na wallahi ilikuwa vile vile kama ubaoni, ndogo, ya manjano, na mkanda wake. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

"Mwamshe mwenzio," Dalal akasema.

Nikamwinamia. Alikuwa amelala mdomo wazi. Viganja vyake vilikuwa na makovu ya pasi, mengine mapya. Sikumbuki kama nimewahi kumwona Hamda amelala. Roho ikaniuma.

"Mwache kidogo," nikasema. "Aliyelala usimwamshe."

"Bashira, amekwambia umwamshe."

"Huna huruma wewe? Saa ngapi huyu analala kwao?"

Dalal akairudia darubini yake, maana nikishapandisha sauti hakuna anayeniweza. Nami nikajiona mtu mwema. Hicho kidogo kikawa saa nzima. Saa tisa na nusu wingu likaja kutoka baharini, likatanda. Tukangoja lipite. Halikupita.

Aliamka kwa adhana ya alfajiri. Akatazama juu, kisha akatutazama sisi.

"Imetoka?"

"Imetoka," Dalal akajibu, machozi yanamlengalenga.

Nikaanza kujitetea mbio mbio, kuwa alikuwa amechoka, kuwa nilimwonea huruma. Akanisikiliza mpaka mwisho. Huku ananisikiliza, akaikunja ile kanga, pembe kwa pembe, kama anavyokunja mashuka ya watu.

"Wote mnanionea huruma," akasema. "Miaka kumi na moja. Kulala sikukuomba, Bashira. Nilikuomba uniamshe."

Niliona haya ambayo sijapata kuyaona tangu nizaliwe, na kwa kuwa sijui kukaa kimya, nikasema la kipumbavu zaidi.

"Lakini mkanda upo kweli, Hamda. Ngoja nikwambie ulivyo—"

"Basi," akasema. Akanipa kanga yangu. "Kuambiwa nshaambiwa na mwalimu."

Akaswali, akachukua chupa yake ya chai, akashuka ngazi kwenda kuwahi gari la Nungwi.