Riley ya Stanley, MG ya Cuthbert

Stanley Brocklebank alikuwa fundi bomba. Hakuoa, na alichokipenda duniani ni gari lake, Riley ya mwaka 1930. Mpinzani wake, Cuthbert Mawby, alikuwa na bucha mtaa wa pili, na gari la MG la mwaka 1932. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, Aprili hadi Septemba, walishindana kwenye uwanja wetu hapa Lincolnshire, ambao enzi za vita ulikuwa wa ndege. Mimi nilikuwa mshika saa.

Mara nyingi Stanley ndiye aliyeshinda. Cuthbert hakukubali hata siku moja.

"Anayeshinda ni hilo gari," alimwambia. "Wewe ni mzigo tu umepakiwa."

"Mzigo umekupita kwenye kona, bwana. Uliuona?"

"Nilikuwa napiga chafya."

Hivyo hivyo kwa miaka kumi na minne. Sidhani kama kuna mtu mwingine aliyezungumza na Stanley maneno mengi kiasi kile. Nadhani hata yeye mwenyewe aliishia kuamini kwamba siri ya ushindi ilikuwa gari.

Februari moja Cuthbert akafariki kwa ugonjwa wa moyo. Msimu ulipoanza, Stanley alikuja, akashindana na vijana, akashinda. Wakampa mkono kwa adabu, wakaenda zao.

Mwezi wa Mei Enid, mjane wa Cuthbert, akanipigia simu. MG ilikuwa imepata mnunuzi, na alitaka Stanley aiendeshe kabla haijaondoka. Tukakutana Alhamisi, watu watatu kwenye uwanja mtupu, upepo ukivuma kutoka baharini.

Stanley alitaka haki itendeke. Alipima upepo wa matairi ya magari yote mawili, akatia mafuta sawasawa. Mizunguko mitano kwa Riley, mitano kwa MG, dereva yule yule. Mzunguko bora wa Riley ulikuwa dakika mbili na sekunde nne. Wa MG, dakika mbili na sekunde moja.

"Umekosea," aliniambia.

Akarudia. Kwenye njia iliyonyooka yalikuwa karibu sawa, lakini MG iliingia kwenye kona kama kisu kwenye siagi. Saa ikasema vile vile.

Enid alisoma karatasi yangu. "Kwa hiyo miaka yote ile gari bora lilikuwa la Cuthbert?"

"Inaonekana hivyo," alisema Stanley.

"Na bado ulikuwa unamshinda."

Stanley alivua glavu, akaweka mkono juu ya boneti ya MG iliyokuwa bado ya moto. "Ningemwambia hili, angenuna wiki nzima."

"Mbili. Halafu angekuja kwako kukutukana."

"Angekuja," Stanley alisema. Akageuka upande wa upepo, nasi tukamwacha.

Jumamosi mnunuzi aliipakia MG, akaenda nayo kaskazini.

Stanley aliendelea kuja misimu miwili zaidi, lakini muda wake wa mizunguko ulizidi kuwa mbaya. Nilipomuuliza kama gari lina hitilafu, alisema, "Liko safi. Sina wa kushindana naye." Septemba ile ya mwisho alizunguka mara mbili, akaegesha pembeni, akala mkate wake na jibini akiwa amekaa garini. Mashindano yalikuwa hayajafika nusu alipowasha Riley, akaenda nyumbani.