Matuta ya Uani kwa Dobi na Fundi

Mtaani walimwita Dobi, kwa sababu tangu ujana wake alifua mashuka ya hospitali. Mumewe walimwita Fundi, na hilo lilikuwa jina la heshima: milango mingi ya mtaa ule ilitoka mikononi mwake. Kisha kiharusi kikamwangusha akiwa juu ya ngazi, akipigilia dari la watu. Aliporudishwa nyumbani, mkono wa kulia ulikuwa unaning'inia tu, mguu unaburuta, na maneno yanatoka moja moja, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni.

Dobi hakupewa muda wa kuizoea hali ile. Alfajiri alimwogesha mumewe, akamvisha, akamkalisha uani, akaenda kazini. Huko mashine ya kukamua ilikuwa mbovu, kwa hiyo mashuka mabichi yalikamuliwa kwa mikono, wawili wawili, huyu anasokota huku, mwenzake kule, hadi mabega yanawaka moto. Akirudi jioni anamkuta Fundi palepale, uso umeelekea ukutani, chakula kimedonolewa pembeni tu.

"Mtafutie kitu cha kufanya," mtaalamu wa mazoezi alimwambia kliniki. "Chochote kile, mradi kimtoe kwenye huo ukuta."

Dobi aliutazama ua wake. Ardhi yenyewe vifusi vitupu. Ukipiga jembe linakurudia. Na hata ingekuwa laini, Fundi asingeweza kuinama. Basi udongo ndio upande umfuate alipo: matuta ndani ya masanduku ya mbao yenye miguu, kimo cha mtu aliyekaa, na uwazi wa kupitisha magoti chini yake. Mbao zilikuwepo karakanani. Fundi alizitunza miaka na miaka kwa ajili ya mlango wa mbele wa nyumba yao wenyewe, kwani alivyokuwa akihangaika na milango ya wenzake, wa kwake ulibaki wa bati.

"Baba, zile mbao nazichukua," Dobi alisema.

Fundi akageuza uso. Dobi akaihesabu kuwa ndiyo, maana nguvu za kubembeleza hakuwa nazo.

Siku yake ya mapumziko, mgongo ukimwomba kitanda, alishika msumeno. Ubao ukateleza, msumeno ukanasa, akavuta, ukanasa tena.

"Una... kata mbao," sauti ikatoka nyuma yake, "au... mkate?"

Dobi aliduwaa. Tangu mumewe atoke hospitali hakuwahi kusema maneno mengi kiasi kile kwa mpigo, na yalipokuja yalikuja kumsimanga! Alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi la mbao, kisha machozi yakamtoka, na hakujua ni ya kicheko au ya kitu gani.

Kuanzia hapo Fundi akawa bosi. Akiwa kitini alielekeza kwa kidole cha mkono wa kushoto: hapo, siyo hapo, pima tena. Dobi alipima tena. Alikuwa akisokota mashuka kutwa, jioni anapigilia misumari, na siku ya mapumziko anasukuma toroli la udongo kutoka kwenye mfereji uliokuwa ukichimbwa mtaa wa pili, akiuchanganya na samadi. Mikono ikaota sugu juu ya sugu.

Dada yake Fundi alipokuja kumwona mgonjwa, akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Wifi, hivi kweli? Si umwache kaka yangu apumzike?"

"Wifi yangu," Dobi alijibu bila kuacha kupiga msumari, "kaka yako kapumzika hadi kaoza. Mwenye haja ya kupumzika hapa ni mimi. Kama umekuja kusaidia, toroli lile pale."

Wifi alikumbuka kuwa ana safari.

Tuta la kwanza likakamilika, refu na zuri, limejaa udongo hadi ukingoni. Dobi akapanda spinachi. Wiki haikuisha, mvua kubwa ikanyesha. Udongo ulilowa ukawa mzito, mbao za ubavuni zikatanuka katikati, na sanduku zima likapasuka. Dobi aliporudi kutoka kazini alikuta matope yametapakaa ua mzima, miche imelala kifudifudi. Fundi alikuwa amekaa katikati yake, amelowa chapachapa, analia.

"Ubao wa... katikati," alisema. "Wa kushikiza. Nili... sahau. Mimi. Nilisahau."

Dobi akaelewa. Hata mwanagenzi wa siku ya kwanza asingeuacha ubao ule. Ugonjwa haukuchukua mkono peke yake. Ulikuwa umepita na kichwani, ukakwapua kipande cha ufundi. Alichutama mbele ya kiti chake.

"Mume wangu, nimechoka," alisema mwishowe. "Leo siwezi kulia na wewe. Lia yako, na yangu nitalia Jumapili."

Fundi akamtazama. Upande mmoja wa mdomo wake ukacheza. "Jumapili... unafua zetu."

"Basi hata hiyo nafasi sina."

Wakaingia ndani, akamvua nguo zilizolowa, akamkausha kwa taulo.

Walianza upya. Safari hii masanduku yakawa mafupi, kila moja na ubao wa kushikiza katikati, na kila hatua Fundi alimwamuru Dobi airudie kwa sauti kabla ya kupiga msumari, kwa kuwa hakujiamini tena. Matuta yalipangwa yawe matatu; mbao na mgongo vikaishia kwenye mawili. Spinachi ikashika, vitunguu vikafuata. Mkono wa kulia haukurudi. Wa kushoto ulijifunza kupalilia, kumwagilia kwa kopo, na kukata majani kwa kisu bila kung'oa shina.

Dobi bado huenda kazini alfajiri. Ila sasa Fundi huoga kwa haraka na kumhimiza amtoe uani kabla jua halijawa kali. Juzi akamwambia, "Tuta la tatu... tulianze lini?"

"Ukilitamka hilo tena, nahamia hospitali," Dobi alimjibu, akavua viatu, akajinyoosha kwenye mkeka uani, na usingizi ukamchukua papo hapo.