Kadi ya Humu

Umewahi kuona kompyuta inayokunywa maji?

Mimi nimekaa nayo nyumba moja, Chang'ombe hapa Dodoma, mwaka 2004. Kidogo nimzike mdogo wangu.

Mimi ni muuza nyama. Shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo utaalamu msiudai kwangu. Fundi wa kompyuta alikuwa mdogo wangu Abeli. Aliunda mashine yake ya kuchezea magemu, ikawa inachemka kama sufuria ya makongoro. Akaifungia rejeta ya gari bovu, pampu ya tangi la samaki na mipira ya dripu. Maji yanazunguka, mashine inapoa.

Siku moja mpira ukachomoka. Maji yakaimwagikia kadi ya picha, ile inayopeleka picha kwenye kioo. Ikafa.

Haukupita muda, Abeli naye akagongwa na lori akiwa kwenye baiskeli.

Alirudi kutoka hospitali taya limefungwa waya, mkono wa kulia una hogo la plasta. Kusema hawezi. Chakula ni uji kwa mrija.

Mwanzoni alikunywa vizuri. Halafu akagoma.

Zipora, mke wangu, akimpelekea uji, anageukia ukutani. Anaguna "mmh, mmh" huku anainyooshea kidole ile mashine.

"Anataka nini huyu?" nikauliza.

"Mpe kalamu, Baba Anitha."

Akaandika kwa mkono wa kushoto, herufi zinapepesuka kama mlevi anarudi kutoka kilabuni: KADI. Kalamu ikamdondoka.

Nikaigusa mashine. "Kadi ya humu?"

Akaitikia kwa kichwa. Akaitikia tena na tena, machozi yanamtoka.

Nikachoka. "Mtu yuko hivi halafu anawaza gemu!"

"Mwili wake wa moto," Zipora akasema. "Mimi naona tumrudishe hospitali."

"Hospitali wana dawa ya mtu aliyegoma kula? Akipata kadi yake, atakula."

Mama yetu alipokuwa anakata roho kule Mlali, alinishika mkono akataja jina moja tu. Abeli. Sasa Abeli huyo ananiishia kitandani, mbavu unazihesabu.

Kwetu ukitaka kumnunulia mtu viatu naye hayupo, unampima mguu kwa kijiti. Nikakata bua la mtama, nikapima kwa nje, lile tundu la nyuma inapochungulia kadi, nikaingia nalo mjini.

Dukani nikamkuta kijana anaitwa Fabian, shati limechomekewa vizuri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nataka kadi ya picha."

"Ya harusi?"

"Ya kompyuta, wewe!"

"Aah, sori mzee. Mashine yenu ina sloti gani, kile kitundu cha ndani cha kadi?"

Nikatoa bua.

Akalitazama. Akanitazama. Akageukia nyuma: "Cornel! Acha unachofanya, njoo! Mzee kaja na bua!"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Sikuwajali. Mwenye mgonjwa hana aibu.

Kadi zilikuwa mbili tu, ndogo na kubwa. Mbuzi huwa namchagua kwa meno, nikazigeuza. Kumbe na zenyewe zina meno! Tena ya dhahabu, na kila moja ina pengo. Nikalaza bua. Likalingana na zote mbili.

"Pengo la yenu liko upande gani?" Fabian akauliza, kicheko kimekwisha.

"Pengo linahusu nini?"

"Likipishana, kadi haiingii. Halafu hii kubwa inawaka moto balaa. Mtaipoza na nini?"

"Maji."

"Maji? Kwenye umeme?" Akashika kichwa. "Mzee, rudi nyumbani kwanza ukaangalie pengo."

Nirudi? Abeli hajashusha hata funda tangu jana. Nikazitazama zile kadi mpaka macho yakaniuma. Nikajiambia, mnadani mbuzi mkubwa hajawahi kuniangusha.

"Nifungie hiyo kubwa."

Nikafika nyumbani natweta. "Abeli! Mdogo wangu, kadi hii hapa!"

Akafumbua macho. Akaitazama.

Akaanza kupiga godoro kwa mkono mzima. Anapiga, ananyoosha kidole kwenye mashine, anapiga tena. Nikajua ananiharakisha. Nikashika bisibisi, nikafungua ubavu wa mashine.

Ndani, kando ya mipira ya maji, kulikuwa na kimfuko cha nailoni. Nikakivuta.

Zipora akapiga ukelele. "Baba Anitha! Kadi! Kadi ya kliniki!"

Nyumba yetu ina panya. Abeli alikuwa ameipenyeza humo, pale inapoingilia mipira, wasiitafune. Siku anatoka hospitali, nesi alimwambia: ukiona mabadiliko yoyote, njoo haraka, usisahau kadi.

Kadi ya humu. Nilimuuliza mwenyewe, na alinijibu ukweli.

Nikamwinamia. Shavu limetuna. Nikasikia harufu.

Mimi ni muuza nyama, jamani. Nyama inayoanza kuharibika naijua.

Nikambeba mgongoni kama mtoto mpaka kwa jirani yangu Gaudence, mwenye pikapu. Njia nzima nasema, "Usilale, Abeli. Usilale."

Daktari alifunua shavu, akanigeukia. "Usaha umejaa chini ya waya. Mlikuwa mnasubiri nini?"

Nimwambie kwamba nilikuwa nachagua meno?

Siku zilizofuata sitaki kuzisimulia. Zipora alifunga na kuomba. Mimi nilikaa kwenye benchi la wodi, kila mlango ukifunguka nasimama.

Mpaka siku walipomtoa waya, habari ya zile kadi mbili za dukani nishamsimulia.

"Kaka." Sauti kama mlango wenye kutu.

"Naam, mdogo wangu."

"Ulichagua ipi?"

"Kubwa."

"Pengo liko upande gani?"

Nikamwonyesha kwa kidole.

Akafumba macho. "Haiingii."

Halafu akacheka, ameshika taya kwa mikono miwili. Mimi nikatoka nje, nikalia nyuma ya jengo la wodi, muuza nyama mzima.

Wewe unayesoma, nisikilize. Mgonjwa akikupa neno moja, usitoke nalo mbio. Kaa chini, muulize la pili.

Ile kadi kubwa ninayo mpaka leo, nimeitundika buchani juu ya mzani. Mteja akiniuliza ni kitu gani, namwambia ni kadi ya kliniki.