Ng'ombe wa Wifi

Ng'ombe yule hakuwa wangu. Alikuwa wa wifi yangu wa Nzega, aliyemleta kwangu Itetemia nikae naye, maana kwetu mtu haweki mifugo yote boma moja, ugonjwa ukiingia utaifyeka. Maziwa nakunywa mimi, ndama ni wa wifi.

Alipoibiwa tulimkuta Kwihara, amefungwa nyuma ya nyumba ya mwanamume tunayepakana naye shamba. Askari aliyeandika hati ya mashtaka alijua ng'ombe ametoka kwangu, basi akaandika ni mali yangu. Hakuniuliza. Mahakamani nikaulizwa ng'ombe ni wa nani, nikasema wa wifi. Ningesema nini, na msahafu nimetoka kuushika? Hati ikabaki vilevile, jirani akafungwa, nami nikapata usingizi.

Kisha nikasikia amekata rufaa. Niliogopa mpaka ugali ukawa haushuki. Siku ya hukumu nilikwenda mjini nikakaa benchi la nyuma. Wakili wa serikali alikuwa amesema kasoro ile ni ndogo, haikumdhuru mtu, nami kimoyomoyo nikamwombea dua. Jaji hakukubali. Alisema mtu lazima ajue anadaiwa kumwibia nani ndipo aweze kujitetea. Hati inamtaja mmoja, ushahidi unamtaja mwingine, na waliomshtaki walikuwa na nafasi ya kuirekebisha tangu nilipotoa ushahidi, wakanyamaza. Hakusema kwamba jirani hakuiba. Alisema aachiwe. Jirani akageuka, akanitafuta kwa macho mpaka akaniona.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mtu akikohoa tu barabarani, mimi nimeshafika ndani na komeo nimelitia. Nilimsihi wifi aje amchukue ng'ombe wake. Akanicheka, akasema kesi imekwisha, na ng'ombe mwenye mimba hasafirishwi.

Asubuhi moja nikiwa nakamua, jirani alikuja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," mdomo ulijibu wenyewe.

Alisimama mlangoni mwa boma, mikono nyuma. Niliendelea kuvuta chuchu ingawa maziwa yalikuwa yamekatika.

"Nimekuja kukushukuru," alisema. "Ungesema ng'ombe ni wako, ningekuwa bado ndani."

Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha kuliko matusi. Alimkagua ng'ombe kuanzia pembe hadi mkia kama mtu aliye mnadani, halafu akauliza, kwa upole kabisa, kama bado ni wa wifi.

"Ni wangu," nilisema. "Wifi amenipa. Tumeandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa."

Akatikisa kichwa, akaniaga vizuri, akaenda zake. Nilitaka ajue kwamba akimwiba tena, hati haitakosea jina. Hakuna mwenyekiti aliyeandika chochote, na maneno haya yakimfikia wifi kule Nzega, mwizi nitakuwa mimi.