Michikichi ya baba kwenye bango la mkutano

Leo nimepaona kwetu kwenye picha ya bango, chini yake wameandika: "Msitu usioguswa na mtu."

Nilikwenda kujiandikisha kwa mkutano wa kila mwaka wa soko la kaboni na sera za hali ya hewa. Nilikuwa na swali moja tu kwa wakubwa watakaokuja: sisi tuliokimbia vita kaskazini, turudi lini kwenye mashamba yetu?

Bango liko mlangoni. Pichani ni msitu mzito, na katikati michikichi imesimama mstari mmoja.

Jamani, michikichi haijipangi yenyewe! Baba aliipanda mbele ya nyumba zetu.

Nikamwambia binti wa mapokezi: "Mutoto wangu, hapa ni kwetu."

Akacheka kwa upole. "Papa, kule hakuna bantu, hata mutu moja, iko pori tu. Njo maana makampuni ya moshi banalipia ile pori. Habataki miti ikatwe."

"Na tukirudi kulima?"

Akaacha kucheka. "Habatawaruhusu, papa."

Miaka yote hii hapa ukimbizini Kasungami nimengoja vita viishe. Vimeisha, na sasa wanalipia kutokuwepo kwetu.

Mkutano ni wiki ijayo. Nitasimama mbele ya bango lile, lakini nikiwa peke yangu nitaonekana mzee aliyechanganyikiwa.

Ndugu mliotoka kule, andikeni hapa: nyumba yenu ilikuwa nyuma ya mchikichi wa ngapi?

Yetu ilikuwa nyuma ya ule wa tatu.