Kunde Katika Uji wa Baba

Nisameheni kwa mwandiko huu uliopinda na kwa maneno niliyoyakosea. Nilisoma shule ya serikali hapa Kivinje miaka mitatu tu, na mkono wangu ni mzito. Kusema mbele za watu naona haya, ndiyo maana naandika katika gazeti hili.

Baba alitoka vita vya Maji Maji na jeraha la risasi chini ya goti. Likageuka donda ndugu. Vita vikaisha, njaa ikapita, tukahama Njinjo tukaja kukaa pwani, donda bado liko wazi. Kila Jumatatu baba aliniegemea tukaenda bomani kwa mfunga vidonda, mtu wa Lindi, mcheshi sana.

"Mzee, dawa yangu inaosha tu. Nyama ya kuziba shimo hili itatoka jikoni kwako. Unakula nini?"

"Uji wa mtama."

"Na nini?"

"Na chumvi."

"Lo! Hata kuku wa jirani anakushinda. Kula samaki, kula mayai, kula kunde. La sivyo tutazeeka pamoja hapa, mimi na mguu wako."

Samaki tulipata kwa nadra, na kuku wetu waliisha wakati wa njaa. Kunde zilikuwapo, mama alizipanda nyuma ya nyumba, lakini baba hakuzigusa. Yeye na wenzake walipopewa yale maji ya kuzuia risasi kabla ya vita, walipewa na miiko, na mwiko wa kundi lao ulikuwa kunde.

"Vita vimekwisha, bwana," mama alimwambia.

"Walioapa nami hawajarudi kunifungua."

Sababu tuliijua. Walipojificha porini, baba alimkuta mdogo wake akitafuna kunde mbichi katika shamba lililoachwa. Akamfukuza: "Toka! Utatuua sote!" Baba mdogo akaenda zake peke yake. Siku ya pili wakasikia bunduki upande ule alikokwenda. Waliobaki walipona, na kwa baba huo ulikuwa ushahidi wa nguvu ya mwiko. Hata Fatiha hakumsomea. Lakini mara nyingine, mchana kweupe, tukiwa tunakula, aliacha kula akatazama mlangoni. "Mwambieni chakula hakuna," alisema. Mlangoni hapakuwa na mtu.

Mama akaniita uani. Yeye alikaanga kunde, mimi nikazitwanga na kuzichekecha mpaka zikawa unga laini, tukachanganya na mtama, tukatia tui la nazi.

"Uji wa leo mzito kama wa harusi," baba alisema.

"Mtama wa mwaka huu una nguvu," mama akajibu, akageuka kuchochea moto.

Donda likaanza kujaa. Pembeni ikaota ngozi changa. Mfunga vidonda alipiga makofi. Siku moja, mwezi wa Shaabani, baba alinyoosha mguu kizingitini akafurahi.

"Mmeona faida ya kushika mwiko? Mdogo wangu angekuwa na moyo kama huu, angekuwa hai."

Mimi ambaye huona haya hata kuomba chumvi, nikasema, "Baba, umekula kunde tangu Rajabu."

Mama aliangusha upawa. Baba hakutugombeza. Aliibonyeza ile ngozi changa kwa kidole.

"Tangu Rajabu," alisema. "Na sikufa." Akauvuta mguu ndani. "Basi nilimfukuza bure."

Tangu siku hiyo hataki uji, wenye kunde wala usio na kunde. Anatafuna kipande cha muhogo, anasukuma sahani. Donda limefumuka upande mmoja. Mfunga vidonda hatanii tena. Aliniambia, "Dawa ninayo, mlaji sina."

Baba anasema atakula akishasimama kwenye kaburi la mdogo wake akamsomea dua. Nilikwenda Njinjo kuuliza. Watu waliinamisha macho, na mzee mmoja akaniambia makaburi ya mwaka ule hayana alama.

Wasomaji, kama kuna aliyezika mtu porini upande wa Njinjo, mtu mfupi, jino la mbele limevunjika, na kovu la moto mkono wa kushoto, naomba aniandikie kwa mwalimu wa shule hapa Kivinje. Hata kama amezikwa pamoja na wengine, nielezeni ni wapi. Andikeni upesi, kwa maana jana baba alikunywa maji tu.